Mpaka Kwenye Kalavati

Mwinjilisti wetu pale Kibiti alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenyeji wa milima ya kusini, na sote tulimwita Mama. Alikuwa na desturi moja ambayo sikuielewa mpaka miaka ilipopita. Kila Jumapili baada ya ibada alimchagua mtu mmoja, akachukua mwavuli wake, akamsindikiza. Siku ikiwa yangu, tulipita nyuma ya soko, tukaishika barabara ya vumbi iendayo Mtawanya, ninakoishi, na njia nzima tulizungumza mambo ya kawaida: mvua, korosho, pikipiki ya nani imeharibika. Tulipofika kwenye kalavati, pale maji ya masika yanapopita chini ya barabara, alisimama. Hakulivuka hata siku moja. Aliegemea ukingo wa zege, akaniambia kitu kimoja alichokiona nilipokuwa nikihudumu, kisha akageuka kurudi kwake.

Kitu kimoja tu, tena kizuri, tena kinachoonekana. Hakuniambia kamwe kwamba nimefanya vizuri. Aliniambia, kwa mfano, "Ulipokuwa unasoma, yule bibi wa mbele alishikwa na kikohozi, ukanyamaza mpaka akamaliza. Endelea hivyo." Kosa alilileta kama swali, na jibu hakulitaka papo hapo. "Fundi, kwa nini unakimbia ukikaribia mwisho wa somo? Usinijibu leo." Nikabaki na swali hilo wiki nzima, huku nafungua kabureta za watu.

Mimi ni fundi wa pikipiki na mashine za boti. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine. Vimeandikwa kwa Kiingereza, nami nilivisoma kwa kamusi, neno baada ya neno. Mama alinikuta katika hali hiyo siku alipoleta pikipiki ya kanisa. Kitabu kilikuwa juu ya tairi na kamusi juu ya kopo la girisi.

"Unamsomea nani?" aliniuliza.

"Najisomea mwenyewe, Mama."

"Kwa sauti yote hiyo?"

"Nikisoma kimya napotea."

"Basi Jumapili utatusomea na sisi. Ila usije na girisi."

Wakati huo nilikuwa Mkristo wa benchi la mwisho, anayetoka kabla ya matangazo. Nilidhani anatania. Jumapili ile aliniita mbele, akanipa Biblia, akaenda kukaa kwenye benchi langu. Niliposoma nilimwona kule nyuma, ametulia kama mgeni. Siku hiyo ndiyo alinisindikiza kwa mara ya kwanza.

Sisi Wakristo wa huku ni wachache. Ni walimu, manesi, wafanyabiashara waliotoka bara, na familia chache zilizoshuka kutoka milimani. Kengele yetu ni ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini, na anayeigonga huangalia kwanza kama adhana ya msikiti wa jirani imekwisha. Hakuna aliyetuamuru hivyo. Mama alianza, sisi tukamfuata. Katika hali ya namna hii mchungaji ni mtu wa kuonekana kwa nadra, na mwinjilisti mmoja hubeba kila kitu. Wengi wa wainjilisti niliowahi kuwajua walibeba kweli, mpaka wakachoka, na walipohamishwa kila kitu kikaanguka. Mama hakubeba. Alikuwa akigawa. Aliyejua kuimba alimpa wimbo wa kuanzisha, naye akanyamaza. Aliyejua kupika alimpa wageni. Mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akibishana na kila mahubiri alimpa mahubiri.

Ndani ya delta tulikuwa na kituo kidogo. Kilikuwa kwenye baraza la mzee mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji kile. Alikuja akiwa kijana kutoka mbali, bara huko, akapangiwa kazi visiwani, wenzake wakaomba uhamisho, yeye akabaki. Watu wote wa kijiji ni Waislamu, wavuvi na wakata mikoko, na hakuna mtu wa chini ya umri wangu ambaye yule mzee hakuwahi kumchoma sindano. Waliosali barazani kwake walikuwa yeye, mkewe, nesi kijana aliyeichukua nafasi yake, mwalimu mmoja na wafanyabiashara wa kaa wanaokuja na kuondoka. Mama alikwenda kule kila alipoweza. Alinichukua, kwanza kwa ajili ya mashine ya boti, baadaye kwa ajili ya kusoma.

Asubuhi moja mke wa mzee alinipigia simu. Mtandao wa kule hukatikakatika, kwa hiyo alizungumza kwa haraka.

"Fundi, mwenzangu ametutoka usiku. Mama simpati."

Nilimpa pole. Nikamwambia Mama yuko Utete, hospitali, amekwenda kupima sukari.

"Fundi, nisikilize. Alisema azikwe hapa hapa. Ndugu zake wameshapiga simu, wanasema kama hakuna mtu wa kanisa wa kumzika, nimhifadhi kwa barafu za wavuvi wamfuate. Kwa barafu za samaki, Fundi! Majirani nao wanasema azikwe leo, maji yakijaa. Njooni leo. Nataka azikwe leo, kwa sala zake."

Simu ikakatika. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu: mjane anayetaka mumewe azikwe pale alipotaka mwenyewe, siku ile, kwa sala za dini yake. Makaburi ya kijiji kile yapo kwenye kichuguu cha mchanga ng'ambo ya mkono wa mto, mahali pekee pasipofikiwa na maji. Njia ya kwenda huko hupitika kwa mitumbwi maji yakijaa. Yakipwa hubaki tope la mikoko, na hakuna anayeweza kupita na maiti kwenye tope lile. Ukikosa maji ya mchana, unangoja kesho, na kwa joto la kwetu kesho ni mbali.

Nilimpata Mama baada ya kujaribu mara nyingi.

"Tangulia," alisema. "Nami nitatafuta gari, nifuate."

"Mama, mimi sijawahi kuzika."

"Umesoma kwenye mazishi mangapi?"

"Kusoma, ndiyo. Lakini kuzika..."

"Chukua kitabu cha ibada kwenye meza yangu. Tangulia, Fundi. Maji hayana breki."

Nilikwenda Nyamisati, nikapanda boti ya faiba. Nahodha alikuwa kijana ninayemtengenezea mashine yake. Aliponiona na kanzu nyeupe ya kanisa ndani ya mfuko wa plastiki, alicheka.

"Oya, Fundi! Leo umekuwa padri?"

"Hatuna padri. Endesha."

"Sasa ukimaliza kumzika mzee uje uiombee na mashine yangu, inakula mafuta hatari."

"Mashine yako haihitaji maombi, inahitaji plagi. Nilikwambia."

Nilifurahi alivyonitania, kwa sababu tangu Kibiti nilikuwa nikiirudia ibada ya maziko kichwani.

Kijijini nilikuta watu wamejaa. Wanawake walikuwa ndani na mjane. Wanaume walikaa kwenye mikeka kando ya nyumba, na shehe wa kijiji kati yao. Seremala wa mashua alikuwa anamalizia sanduku, kwa sababu mjane alilitaka. Wachimba kaburi walikuwa wameshaondoka alfajiri na mtumbwi wao, kabla ubao wa kwanza wa sanduku haujakatwa. Nililisikia jambo hilo, nikalipita. Sikuona kwamba lina maana yoyote.

Nilivaa kanzu, nikakaa. Nikawa natazama njia ya bandarini.

Shehe alinisogelea, akanipa mkono. "Karibu, Fundi. Poleni sana. Mtaanza saa ngapi?"

"Namsubiri Mama, shehe. Yuko njiani."

"Sawa. Sisi hatuna neno. Tatizo ni maji, hayo hayamsubiri Mama." Kisha akaongeza kwa upole, "Na wewe si ndiye unayetusomea kila mkija? Mimi nakusikia kutoka kwangu. Una sauti ya kutosha."

Sikujua kwamba kuna mtu ananisikiliza kutoka nyumba ya pili. Niliinuka, nikafungua kitabu, nikaanza.

Ibada ilikwenda. Nesi alianzisha wimbo, sauti yake ikavunjika, mwalimu akaupokea. Nilisoma zaburi ya mchungaji polepole, mpaka mwisho, bila kukimbia. Nilikuwa nimeanza kusema maneno machache juu ya marehemu nilipoona vichwa vinageuka. Mama alikuwa anakuja kutoka bandarini, peku, viatu mkononi, tope mpaka magotini, joho lake kwenye mfuko begani.

Nilifunga kitabu. Nilisogea pembeni ili apate nafasi ya kusimama. Watu nao walimpisha.

Mama hakuja mbele. Alifika ukingoni mwa mkeka wa wanawake, akakaa chini, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akaomba maji ya kunywa. Mfuko wenye joho aliuweka mgongoni kama mto. Kisha alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kutoka benchi la mwisho, uso wa mgeni aliyekuja kusali.

Nilisubiri. Alikunywa maji. Hakuinuka.

Nikafungua kitabu tena, nikatafuta ukurasa, nikaendelea pale nilipoishia.

Kwenda makaburini tulipanda mitumbwi. Kwa desturi ya pale wanawake hawaendi makaburini, lakini majirani walijua yetu ni tofauti, wakamwekea mjane, nesi na Mama mtumbwi wao, wenye kiti cha plastiki. Sanduku lilikuwa kwenye mtumbwi mkubwa wa kubebea boriti. Maji yalikuwa yamejaa vizuri, yamefunika mizizi ya mikoko.

Tulipopanda kichuguuni wachimbaji walikuwa wamekaa kivulini, wamechafuka mchanga mpaka nyusi. Kiongozi wao alikuwa mkata mikoko mwenye mabega mapana, mtani wa marehemu kwa kabila. Nililiendea kaburi, nikatazama ndani.

Walikuwa wamechimba kaburi zuri sana. Juu lilikuwa pana kiasi, na ndani, chini, walichimba ule mtaro mwembamba wa mwanandani, unaomtosha mtu kulazwa kwa ubavu, ambao Waislamu huufunika kwa mbao kabla ya kurudishia mchanga. Waliuelekeza kibla. Ndivyo wanavyojua. Hakuna mtu aliyewahi kuzikwa kwenye kichuguu kile kwa namna nyingine.

"Fundi," alisema yule kiongozi, "mbona unatazama hivyo? Halijakupendeza?"

"Limenipendeza. Lakini sanduku haliingii."

"Sanduku lipi?"

Wabebaji walikuwa ndio wanafika nalo. Alilitazama sanduku, akalitazama kaburi, akajipiga paji la uso. "Lo! Sisi tumechimba la mtu. La sanduku hatukuchimba."

Mmoja wa vijana wake aliruka ndani na jembe kutaka kupanua. Mchanga wa ubavuni ukaporomoka papo hapo, na chini ya mguu wake maji yakaanza kujitokeza. Akatolewa. Yeyote aliyefanya kazi kwenye mchanga wa delta angejua: maji ya mto yakijaa, na ya chini hupanda. Kaburi lile lilikuwa limechimbwa kwa kina na upana ambao ardhi ile iliukubali. Kupanua kungeliharibu. Kuchimba jingine kungemaliza maji ya kurudia. Kumrudisha marehemu nyumbani kungekuwa ndiyo ile barafu ya wavuvi.

Wanaume waliinamisha vichwa. Niliona aibu imewashika wale wachimbaji, watu waliotoka alfajiri bila kuitwa, na hilo liliniuma kuliko kaburi lenyewe.

Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa amekaa juu ya gogo, chini ya mwavuli wake, karibu na mjane. Aliniona ninamwomba. Alichofanya ni kugeuza uso wake, taratibu, akamtazama mjane, akabaki anamtazama yeye.

Nilimwendea mjane, nikachuchumaa mbele yake. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, kama ninavyomweleza mtu ubovu wa mashine yake: kaburi liko hivi, sanduku liko hivi, maji yako hivi.

"Wewe unasemaje?" aliniuliza.

"Mimi nasema jambo hili ni lako. Katika niliyosoma sijaona mahali tulipoamriwa sanduku. Bwana wetu mwenyewe alifungwa sanda. Lakini sitasema neno la kukulazimisha. Ukisema tupanue, nitashika jembe mimi."

Alikuwa anafunga na kufungua pindo la kanga yake.

"Sanduku nililitaka kwa ajili ya ndugu zake," alisema mwishowe. "Wasije wakasema nimemzika kama mtu asiye na kwao. Lakini kwao ni wapi, Fundi? Amekula kwenye masinia ya watu hawa tangu hana mvi. Hawa waliomchimbia, wake zao wamezalia mikononi mwake. Wamemchimbia kama wanavyowachimbia baba zao." Akajifuta macho. "Mlazeni humo humo. Atakayeuliza, niulizwe mimi. Na zile mbao zisitupwe."

Nilirudi kwa kiongozi wa wachimbaji. Nilimwambia mjane amekubali, mzee atalazwa walipomwandalia, na mbao za sanduku ndizo zitakazomfunika. Yule mtu akamgeukia seremala, akachukua nyundo, akapiga goti karibu na sanduku. Ndipo utani ukamrudia.

"Mzee," alisema, akizungumza na marehemu, "kila siku ulitutukana, dawa zetu za mizizi hazina vipimo. Leo vipimo vimekushinda wewe!"

Wanaume walicheka, na kutoka kwenye gogo nikamsikia mjane naye akicheka huku analia.

"Mwambie alale kwa ubavu," alisema mjane, kwa sauti. "Alikuwa anakoroma akilala chali."

Sikujua namna ya kumshusha mtu bila sanduku. Niliwaambia hivyo wazi. "Hii kazi mnaijua ninyi. Nionyesheni, nami nitashika mtakaponiambia."

Wakanionyesha. Kitambaa cheupe kilichotandikwa ndani ya sanduku ndicho kikawa sanda. Watu walishika kanga nne juu ya kaburi kama paa, wawili wakashuka, mimi nikapewa upande wa miguu. "Usivute, Fundi. Legeza. Mwache aje mwenyewe." Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Walimlaza, wakapanga mbao moja baada ya nyingine, wakaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi waliouleta tayari kwenye ndoo. Kisha wakanipisha, nikasoma maneno ya kitabu, ya udongo na ya ufufuo, nikasali. Shehe alisimama nyuma ya watu wake na mikono mbele. Niliposema amina alikuwa wa kwanza kuitika.

Kabla ya kurudishia mchanga niliona kuna neno limebaki, na halikuwa kwenye kitabu. Niliwageukia wachimbaji.

"Nimetazama kingo za kaburi hili," niliwaambia. "Mchanga huu haushikiki, lakini ninyi mlikuja na udongo wa mfinyanzi na maji, mkazisiliba kingo kuanzia juu mpaka chini ili zisianguke. Mtu anayechimba ilimradi hafanyi hivyo. Mmemfanyia mzee kwa upendo, na mkewe ameona."

Wakaangalia chini. Kiongozi wao akakwaruza kichwa.

"Sasa, Fundi, mtu anasifiwa kaburi?" alisema. "Haya, shikeni majembe, maji yanaondoka."

Tulirudi maji yakiwa yameshaanza kupwa, mitumbwi ikigusa tope mahali pengine. Mzee alizikwa siku ile, pale alipotaka, kwa sala zake. Jioni ndugu wa marehemu walipopiga simu, mjane alizungumza nao mwenyewe. Nilimsikia akisema, "Amezikwa. Ndiyo, na kanisa. Na kijiji kizima."

Boti ya mwisho ilikuwa inaondoka. Mimi ilikuwa nibaki kule mpaka siku ya pili, kwa ajili ya matanga. Mama ilibidi arudi kwa sababu ya dawa zake. Nilichukua mwavuli, nikamsindikiza bandarini. Kutoka kwenye ile nyumba ni mwendo mfupi, lakini kwa miguu yake tulitembea polepole, na njia nzima alizungumza mambo ya kawaida: kaa wameadimika, nesi amekonda, dereva wa gari la Utete alivyomwendesha. Karibu na maji kuna lundo kubwa la maganda ya chaza. Pale akasimama.

"Leo niambie wewe," alisema. "Umeona nini?"

Nilianza kuhesabu. Nilichelewa kuanza. Nililisikia jambo la wachimbaji na sanduku tangu asubuhi, sikuliunganisha. Kanzu yangu ilikuwa na mikunjo.

"Sikuuliza hayo," alinikatiza. "Hayo utayajibu wiki ijayo. Nauliza umeona nini."

Nikafikiri. "Nimeona yule mjane anaweza kuongoza watu."

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu aliyesikia habari aliyokuwa anaisubiri.

"Kwa nini hukuja mbele, Mama?" nilimuuliza. "Ulikuja na joho."

"Nilikuja nalo nikikukuta umekwama. Nilikukuta unasema." Aliweka mkono begani kwangu ili avae viatu. "Ningesimama mimi, kijiji kizima kingejua kwamba wewe ulikuwa unanishikia nafasi tu. Msiba mwingine ukitokea, wangekaa wakiningoja. Na mimi, Fundi, siku moja sitakuja."

Nahodha alipiga kelele kutoka kwenye boti. "Mama, twende! Tutalala kwenye tope!"

"Nakuja, baba." Akanigeukia. "Na changu mimi ni hiki. Ulifunga kitabu ukanipisha. Hilo ni adabu, sina neno. Ukakifungua tena bila kuniomba mara ya pili. Hilo ndilo nililoliona. Endelea hivyo."

Akapanda boti. Nilisimama pale kwenye maganda mpaka mlio wa mashine ukapotea, na kwa mlio huo nilijua nahodha amebadilisha plagi.

Mama aliumwa mwaka ule na uliofuata. Kisha alistaafu, akarudi kwa watoto wake kule milimani. Aliondoka kwa basi la asubuhi, na waliokuja stendi walikuwa wengi, baadhi yao si wa kanisa letu. Hakutoa hotuba. Alimwendea kila mmoja, akamwambia jambo lake sikioni. Ibada ya Jumapili iliyofuata ilianza kwa wakati wake. Ringi iligongwa, wimbo ulianzishwa, somo lilisomwa, na mwalimu yule mbishi alihubiri. Nilikaa nikitafuta pengo na sikuliona, na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikifanya miaka yote ile. Nilimshukuru Mungu kwa machozi, kitu ambacho si kawaida yangu.

Simu huwa tunapigiana. Miguu yake haimruhusu tena kusindikiza mtu, lakini husema wajukuu humsindikiza yeye mpaka chooni, na kwamba kila mmoja anamwambia alichokiona.

Kituo cha delta kipo, kwenye baraza lile lile. Nilianza kumpa mjane somo la kusoma. Alisema hawezi, macho yake mabaya, nikamletea miwani kutoka Kibiti. Baadaye akawa anaongoza sala, kisha ibada nzima. Ninapokwenda sasa nakaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, na mara nyingi hakuna ninaloombwa kufanya ila kutazama mashine ya mtu baada ya ibada. Mwanzoni ilinipa shida. Nilikuwa nasikia anakosea mpangilio wa ibada, na midomo yangu ikawa inamtangulia. Nikajifunza kunywa maji.

Mara ya mwisho nilipokwenda, aliyesoma alikuwa nesi. Alisoma kwa mara ya kwanza mbele ya watu, na mjane akiwa ameketi pembeni, miwani mkononi. Ibada ilipokwisha niliaga, nikatangulia kwenye boti kwa sababu maji yalikuwa yanaondoka. Nahodha alikuwa yule yule, ametulia zaidi sasa, ana mke na mtoto. Alipokuwa anaisukuma boti kwa mti ili itoke kwenye kina kifupi, nilitazama nyuma.

Mjane na nesi walikuwa wanakuja taratibu kwenye njia ya bandarini, wanazungumza. Walipofika kwenye maganda ya chaza, mjane alisimama. Akamgeukia yule binti, akainua kidole kimoja, akasema kitu. Tulikuwa mbali, sikusikia. Nesi aliinamisha kichwa, halafu akakiinua.

"Fundi," aliuliza nahodha, naye ameacha kusukuma, anawatazama. "Wale vipi, wanagombana?"

"Hapana," nilimwambia. "Anasindikizwa."